Udongo wa Sadaka na Nguzo za Fumo

"Ruqaiya, niambie kweli, Mungu yuaona," Bi Hindu aliniuliza siku moja tukichambua mchele wa kisomo cha dua barazani kwangu, hapa Barani, Malindi. "Ndugu yako aliukosea ule msingi, au tulimwangusha sisi na udongo wetu?"

Bi Hindu ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na ni mtu wa kusema lililo moyoni mwake. Hakuniuliza kwa ubaya. Na yeye aliubeba udongo ule kama sisi wengine, akajikwaa nao akaumia kidole cha mguu. Siku ile nilimkwepa. Nilimwambia, "Hindu, angalia mawe hayo, utavunja watu meno," akacheka, tukaendelea na mchele. Lakini wako wengi wenye swali hilohilo midomoni, nao hawana ungwana wa Hindu wa kuja kuuliza mlangoni. Kwa hiyo nimeona bora niieleze habari ya Fumo kama ninavyoijua.

Fumo ni kitinda mimba wetu. Wazazi wetu walitoka visiwani, upande wa Faza, wakahamia Malindi kabla yeye hajazaliwa. Baba alikuwa akishona kofia, Mama akipika vitumbua vya asubuhi, na sisi watoto tukisoma shule na chuo cha Kurani. Fumo alikuwa mtoto wa haya. Haya ni jambo jema na dini inaisifu, lakini ya kwake ilizidi. Ukimpakulia chakula asichokitaka, atakula. Ukimwongeza, atakula tena, halafu baadaye utamkuta amejikunja mkekani anaumwa na tumbo. Mama alikuwa akituambia, "Huyu sijui nilisahau kumfundisha neno hapana." Tukacheka, tukadhani ni kichekesho tu.

Kichwa alikuwa nacho. Mimi niliishia shule ya msingi, yeye akaendelea mpaka akasomea uhandisi, akarudi akaajiriwa Kilifi na kampuni ndogo ya kuchimba misingi. Kazi yake yeye ilikuwa mahali pabovu: penye tope, penye mchanga wa maji, kandokando ya hori ambapo bahari inaingia bara. Mahali kama hapo nyumba haikai juu ya ardhi. Hukaa juu ya nguzo za zege zinazopigwa chini kwa nyundo kubwa ya mashine, zikalipita tope lote mpaka zikasimama kwenye mchanga mgumu. Nguzo hizo hakuna anayeziona baada ya nyumba kwisha, na mwenye nyumba huzisahau.

Niliwahi kumuuliza anajuaje huko chini kukoje, akaniambia, "Dada, kazi yangu ni kukisia kwa adabu. Tunatoboa tundu moja au mawili, tunatoa tope kidogo, tunalipima. Yaliyobaki yote ni kukadiria na kumwogopa Mungu."

Sasa, karibu na mikoko, ukishuka kutoka Malindi mjini, palikuwa na kiwanja cha wakfu. Kilikuwa cha mama yake Mzee Salmin, bibi wa ukoo wenye mashamba, na kabla hajafariki alikiweka wakfu pajengwe madrasa ya wasichana. Kiwanja cha wakfu hakiuzwi wala hakibadilishwi na kingine kilicho bora. Alivyonuia mwenyewe ndivyo kinavyokuwa. Na bibi wa watu alinuia pale pale, penye tope, labda kwa kuwa ndicho alichokuwa nacho kwa jina lake. Miaka ikapita hapajajengwa kitu. Wasichana walikuwa wakisomea kwa Ustadha Amal, kwenye upenu wa mabati nyuma ya nyumba yake, wamebanana hata mmoja huuweka msahafu wake kwenye mgongo wa mwenzake. Jua likipanda wanatoka jasho, mvua ikinyesha hawasikii wanachosoma.

Mzee Salmin, aliyekuwa msimamizi wa ile wakfu, alimwendea Fumo. Alimwambia, "Mwanangu, wewe ndiye mtu wetu unayejua mambo ya tope. Tusaidie, mama yangu apate thawabu zake." Fumo akakubali kwa moyo mmoja. Alitoboa matundu mawili. Upande wa barabara tope lilikuwa mita nane. Upande wa mikoko likawa mita kumi na tatu, ndipo mchanga mgumu ukaanza.

Msimamizi wa kupiga nguzo alikuwa Gona, mtu wa Ganze, mwenye maneno mengi na mikono ya chuma. Siku nilipopeleka chakula cha mafundi nilimkuta anaitazama nguzo ikishuka kwa kila pigo.

"Injinia," akamwita Fumo, "nguzo hii inazama kama kijiko kwenye mtindi. Una hakika huko chini kuna chini?"

"Kuna chini, Gona. Piga tu."

"Mimi napiga. Ikitokea upande wa pili wa dunia usiniambie nilikosea."

Wakazipiga zote, na juu yake pakasimama madrasa ya vyumba vinne. Sakafu ilinyanyuliwa juu ya nguzo, kiasi cha kifua cha mtu, na chini yake pakaachwa wazi. Hivyo ndivyo Fumo alivyotaka: maji ya bamvua, bahari ikijaa sana, yakipanda yaingie chini ya nyumba, yatembee, yatoke yaende zake, na ardhi ibaki kama Mungu alivyoiumba. Siku ya kufungua tulisoma dua, tukala biriani, na Ustadha Amal alilia machozi.

Tatizo likaja kwa njia ya miguu ya watoto. Kila bamvua maji yalifika uani, na yakirudi yanaacha tope. Wasichana walikuja wameshika viatu mkononi na mabuibui wameyanyanyua, wakafika ngazini wana tope mpaka kwenye ugoko. Kina mama tukaona uchungu. Mmoja akasema mbele yetu sote, "Watoto wetu wanasoma Kurani na miguu ya kaa!" Tulicheka lakini lilituuma. Ndipo likazuka wazo kwamba uwanja ujazwe udongo, na udongo wenyewe usinunuliwe, bali kila nyumba ilete wake, uwe sadaka inayoendelea. Kila mtoto atakayekanyaga pale kwenda kusoma, na wewe una fungu lako. Nani angelikataa hilo?

Juma lile Fumo alikuja Malindi kunitazama, nami nikamweleza kwa furaha. Akaweka kikombe chini.

"Udongo kiasi gani, dada?"

"Mpaka usawa wa sakafu, inshallah. Watoto waingie darasani kama wanavyoingia nyumbani."

Akaniuliza jambo la ajabu. "Umewahi kulowa na buibui?"

"Astaghfirullah, ya nini hayo?"

"Nijibu tu."

"Mvua ya Mei ilinikuta sokoni. Nililowa chapachapa."

"Buibui likawaje?"

"Zito! Lilinivuta mabega nusura linikalishe chini."

"Basi. Buibui halikukaa juu ya kichwa chako. Limekushika ubavuni tu, na kwa kuwa lenyewe linataka kwenda chini, linakwenda na wewe. Lile tope sasa limetulia. Likitwikwa udongo juu yake litaanza kushuka, taratibu, miaka na miaka. Na likishuka litazikamata nguzo zangu ubavuni na kuzivuta."

Akanifanyia hesabu kwa mdomo, nami nikaielewa. Kila nguzo ilikuwa imebeba tani ishirini na tano za nyumba, na yeye aliikadiria kuweza thelathini na tano. Zile kumi ni akiba. Ili kujua tope litavuta kiasi gani, huchukua mzingo wa nguzo, akauzidisha kwa kina cha tope linaloshuka, kisha kwa nguvu ya mshiko wa lile tope. Udongo wa futi moja ungelishusha tope la juu tu, ukavuta kama tani sita. Udongo wa kufika sakafuni ungelishusha tope lote: tani kumi na mbili upande wa barabara, na upande wa mikoko karibu ishirini.

"Ishirini na tano na ishirini ni ngapi, dada?"

"Arubaini na tano."

"Na nguzo inaweza ngapi?"

Jibu lilikuwa wazi.

Alikwenda kwa Mzee Salmin akamweleza, na ni haki niseme kwamba alisikilizwa. Mzee Salmin hakubisha hata kidogo. Walipatana futi moja, basi. Fumo akachukua rangi ya buluu akachora mstari kwenye kila nguzo, chini ya goti, udongo usipite hapo. Mzee akamwombea dua na kumshukuru.

Halafu ikaingia Ramadhani. Baada ya sala ya alasiri tulikuwa tukija na udongo, kina mama kwa makarai, watoto kwa ndoo, wanaume kwa magunia. Watu wa Gede walileta trekta zima la udongo kutoka shambani kwao. Wako waliochota uani kwao, mahali walipozaliwa, wapate kusema udongo wa nyumbani kwetu uko madrasa. Bibi mmoja mkongwe alikuja na udongo umefungwa kwenye pembe ya leso, kama vile watu wanavyofunga senti, akaufungua akaumwaga, akabaki amesimama anasoma Fatiha. Na mimi nilimwaga wangu. Sikutazama mstari ulikuwa wapi, na nadhani hapakuwa na aliyetazama, ila Fumo na Gona.

Gona ndiye aliyenisimulia, miaka mingi baadaye. Anasema alimwendea Fumo akamwambia, "Injinia, mstari umelala chini ya udongo."

"Nimeuona."

"Nisimame langoni niwarudishe?"

"Utamrudisha nani, Gona? Yule bibi mwenye leso?"

"Mimi ningemrudisha hata yeye. Ningemwambia bibi, tumeshiba."

"Wewe si mwenzao. Mimi wananijua mama yangu."

"Basi mwambie mama yako awaambie!" akasema Gona, na Fumo akacheka, wakaachana hivyo.

Lakini Fumo hakuwa amekata tamaa. Aliazimia kusema. Alichagua Ijumaa, watu wakiwa wamejaa msikitini, aseme mara moja asikike na wote. Nilimpigia pasi kanzu mimi mwenyewe, maana alikuwa amelala kwangu. Alikuwa anarudiarudia maneno yake: "Ndugu zangu, sadaka yenu Mungu ameiona, sasa tusimame hapa." Nikamwambia maneno mazuri, yaseme hivyo hivyo.

Hatukujua Mzee Salmin naye alikuja na yake. Mwezi wa Shaabani alikuwa amefiwa na binti yake, Sumeiya, aliyekufa kwa uzazi yeye na mwanawe. Baada ya sala Mzee alisimama, akasema kwamba udongo uliobaki kufika sakafuni atauleta yeye, kwa malori, kwa nia ya Sumeiya. Kila mtoto atakayepita pale, thawabu zimfikie binti yake kaburini. Wanaume walilia. Sisi wanawake upande wa pazia tulilia zaidi. Kisha Mzee akafuta uso akageuka.

"Injinia wetu yupo. Mwanangu Fumo, kuna neno?"

Watu wote wakageuka kumtazama. Nilikuwa nimetega sikio nyuma ya pazia, nikisubiri yale maneno niliyoyasikia asubuhi.

Fumo akasema, "Mungu aipokee, Ami."

Watu wakaitikia amina, na malori yakaja.

Lile jambo la pili alilolifanya sikulijua kwa miaka mingi, mpaka aliponiambia mwenyewe. Baada ya Ijumaa ile aliketi akaikadiria hesabu upya. Mzingo wa nguzo hauwezi kuubadilisha, ni zege. Kina cha tope hawezi, amekipima. Kilichobaki ni ule mshiko. Yeye aliuweka kumi na tano kwa vipimo vyao, kwa lile tope alilolitoa kwenye tundu. Vitabu vyao vinasema liko tope lenye mshiko mdogo zaidi, hata nane. Akaweka nane. Akazidisha. Nguzo za upande wa mikoko zikaja kwenye thelathini na tano na chembe.

"Ikakaa, dada," aliniambia. "Nilijiambia makadirio siku zote yana woga ndani yake, na kwamba tope lile ni la kale, huenda ni gumu kuliko nilivyodhani. Yote yanaweza kuwa kweli. Lakini mimi sikuwa naitafuta kweli. Nilitafuta namba itakayoniruhusu kunyamaza, nikaipata."

Sisi hatukuwa na habari. Uwanja ulijaa, ukashindiliwa, ukawa mzuri, na siwezi kusema vinginevyo. Wasichana walicheza juu yake viatu vikiwa vikavu. Ustadha Amal alipanda asmini na mlangilangi, ukipita jioni unanukia. Karibu miaka mitatu tulikuwa watu wenye furaha, na kila nilipomsifia Fumo ule uwanja, aliniambia "alhamdulillahi" na kuuliza habari nyingine.

Kisha udongo ukaanza kushuka. Ukingo wa sakafu, uliokuwa umelingana na ardhi, ukabaki hewani, ukaweza kupitisha mkono chini yake. Na nyinyi mnadhani watu walifanya nini? Waliona sadaka imepungua, wakaleta nyingine ya kujazia. Nami nilipeleka. Mwaka uliofuata ikawa hivyo tena. Tulikuwa tunaongeza mzigo ule ule unaovuta, kwa moyo safi kabisa, na tukirudi nyumbani tunajisikia wepesi.

Siku moja Ustadha Amal alimwambia Fumo kwa mzaha, "Injinia, mlango wa darasa la kuhifadhi umenenepa. Haufungiki mpaka nimwite msichana mwenye nguvu." Lilikuwa darasa la upande wa mikoko. Fumo hakucheka. Alimwita Gona, wakaja na mpira mwembamba wa maji, ule ambao mafundi huushika huku na huku wakasoma usawa. Pembe ya mikoko ilikuwa chini kuliko pembe ya barabara kwa upana wa vidole vinne.

"Chini kumehama," Gona akasema. Safari hii haukuwa mzaha.

Siku ile ile Fumo alikwenda kwa Mzee Salmin. Nilikuwepo, nimempelekea mkewe dawa ya miguu, nikayasikia yote kutoka uani.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso hivyo? Umefiwa?"

"Ami, udongo lazima uondolewe. Wote, na mapema."

Mzee akauliza, "Udongo wa Sumeiya?"

"Wote, Ami. Unaivuta nyumba chini."

"Ulikuwepo," Mzee akasema, pole pole, bila hasira. "Nilikuuliza mbele ya watu, kuna neno? Ukasema Mungu aipokee, nikaona mstari wako umeufuta. Sasa ameipokea. Mimi nikamwambie nini? Nirudishie?"

Fumo akashika kichwa. "Nilijua, Ami. Nilijua siku ile."

"Usiniambie hivyo." Hapo ndipo sauti ya Mzee ilipopanda. "Niambie umelijua leo! Hilo nitalibeba. La siku ile nitalibebaje?"

Nilitoka na kikapu changu bila kuaga.

Likawa shauri kubwa. Udongo uliotolewa kwa wakfu nao ni wakfu, huwezi kuuchota ukautupa kama taka. Wazee wakakaa, wakatofautiana, wakakaa tena. Mwisho wakauliza kwa sheikh mmoja mwenye elimu, akawaambia unaweza kuhamishiwa wakfu nyingine yenye haja nao, kama makaburini, ambako mvua ilikuwa ikichimba. Lilikuwa jibu zuri, na laiti lingekuja upesi. Lakini kutoka neno la kwanza la Fumo mpaka trekta la kwanza kuchota, ilipita karibu mwaka, na wakati watu wanashauriana, tope lilikuwa linafanya kazi yake. Kuna waliokuwa wakisema Fumo anatafuta kisingizio cha zege mbovu. Kuna waliosema ni jini wa mikoko. Hata baada ya trekta kuanza, kazi ilikwenda kwa kusuasua. Watu waliosimama foleni kuleta hawakusimama foleni kutoa.

Asubuhi moja ya masika, wasichana wako darasani wanasoma, pakalia mlio kama bakora imepigwa juu ya meza. Ukuta wa upande wa mikoko ulipasuka kutoka dirishani mpaka juu, ufa wa kuingia kiganja. Ustadha Amal, Mungu amlipe, hakupiga kelele. Aliwaambia waweke misahafu kichwani, washikane mabega, watoke kwa mstari huku wanaendelea kusoma aya ile ile waliyokuwa nayo. Wakatoka wote. Hakuna aliyepata hata mkwaruzo, na hilo namshukuru Mola kila ninapolikumbuka.

Fumo alifika akaitazama nyumba, akasema, "Asirudi mtu ndani." Mzee Salmin akamuuliza, "Mpaka lini?" Fumo akasema, "Hairudiwi, Ami."

Nyumba ilibomolewa mwaka uliofuata. Nusu ya udongo ilikuwa imekwisha kuhamishwa, nusu ikabaki pale pale, maana baada ya kubomoa hakuna aliyeona haja ya kuendelea. Wasichana wachache walirudi kwenye upenu wa Ustadha Amal. Wengi hawakurudi kokote. Alikuwepo mmoja aliyebakiwa na juzuu tano tu kuhifadhi Kurani yote. Wazazi wake walisema hawawezi kumweka akingoja jengo, wakamwoza Gede. Nilimkuta juzi na mtoto mgongoni, nikamuuliza amefika wapi. Akainamisha uso akasema, "Nimerudi nyuma, bibi." Nilimwambia Fumo, na ninajuta kumwambia, maana hakula siku ile.

Mzee Salmin hajamlaani hata siku moja. Akimsalimu anaitikia salamu yake kamili, kama dini inavyotaka, na anapita.

Fumo aliacha kazi ya misingi. Siku hizi ana duka la saruji na misumari njiani Gede. Mtu akimuuliza nyumba yake ijengwe vipi, anamwambia, "Mimi nauza tu, tafuta mwenye kujua." Bi Hindu nilimwambia hayo yote, na akaniuliza, "Kwa hiyo hesabu ya kwanza ilikuwa sawa?" Nikamwambia ilikuwa sawa. Akavuta shungi lake, akasema, "Afadhali ingekuwa mbovu."

Nimeandika haya sasa kwa sababu wakfu imepata kamati mpya. Ni vijana wenye bidii, na wanataka wasichana wapate tena mahali pao, jambo ambalo sote tunalitaka. Wameamua kujenga nyumba nyepesi ya mbao na mabati, na kuikalisha juu ya nguzo zile zile zilizobaki topeni, kwa kuwa zipo tayari na, kama asemavyo fundi wao, zimekwisha kujaribiwa.

Fumo alikwenda kwenye mkutano wao. Alikaa nyuma. Walipofika kwenye habari ya nguzo alisimama, akaomba ruhusa, akasema kwamba nguzo za upande wa mikoko zimevutwa kupita nguvu zake, na hajui zimebaki na nini, na hakuna mtu anayejua. Alisema yote bila kukwama. Sijapata kumsikia akisema vile mbele ya watu.

Kijana mmoja akamjibu, kwa heshima kabisa, "Mzee wangu, ulipoulizwa ulisema Mungu aipokee. Leo hujaulizwa."

Watu wakacheka, wengine wakaona haya. Fumo akasema, "Ni kweli," akakaa.

Alikuja kwangu Barani moja kwa moja kutoka mkutanoni. Alijua kwamba Alhamisi kina mama tunakutana kwa kisomo, na kwamba michango ya jengo jipya inapitia mikononi mwetu. Nilimwekea mahamri na mbaazi, hakugusa. Nilitaka kumwambia maneno ya kumpoza moyo, lakini alinyanyua mkono kunizuia, akaniambia:

"Dada, wewe wanakusikiliza. Nakuomba uwaambie wasijenge juu ya nguzo zangu. Tope bado linashuka."